Bibi harusi ana shingo pia

Juzi nimetumiwa albamu ya harusi ili nisifie. Gauni zuri, maua mazuri, bwana harusi kanyolewa akanyoleka. Bibi harusi sasa: uso wa kijivu, shingo ya kahawia iliyokolea, masikio yako katikati, hayajui yafuate upande gani. Na chini ya picha watu wanamwaga sifa: umetokelezea, umewaka, nani kakupamba? Mpambaji naye kaingia kwa mbwembwe kutaja alivyotumia, brandi moja baada ya nyingine, zote za bei ya kukata maini. Hajaulizwa shingo ya mtu imekosa nini.

Tumeugua ugonjwa wa majina. Swali la kwanza la mteja siku hizi ni "unatumia brandi gani?", kabla hata hajasema ngozi yake ni ya mafuta au kavu. Mpambaji chipukizi naye akishika hela kidogo anakimbilia chupa moja ya fundesheni, ile rangi ya msingi ya uso mzima, yenye jina kubwa, aipige picha ikiwa juu ya boksi lake, wakati hela ile ile ingempa rangi sita za kampuni isiyojulikana. Mimi ningechukua hizo sita bila kufikiri mara mbili. Mwenye fundesheni tatu, nyepesi, ya kati na nyeusi, hana vifaa vya kazi. Ana vipodozi vyake mwenyewe anavyoazimisha watu.

Haya, kampuni nazo zina lawama zao, sitabisha. Kwa miaka mingi rangi nyepesi zilikatwakatwa hadi mtu hawezi kuzitofautisha, halafu ukifika upande wa weusi unakuta mbili: moja chungwa, nyingine masizi. Kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty walipoingia sokoni Septemba 2017 na rangi 40 kwa mpigo, wengine wakashtuka kama vile ndio kwanza wanaambiwa watu weusi nao wana nyuso. Lakini hiyo ilikuwa 2017. Kisingizio kimeisha muda wake, kama ile maskara unayoendelea kuitumia.

Wingi wa rangi nao haumalizi kazi. Wanawake wawili weusi sawasawa wanaweza wakawa mmoja ana wekundu chini ya ngozi, mwenzake ana umanjano, na chupa iliyompendeza wa kwanza ikamfanya wa pili aonekane ametoka kitandani na homa. Isitoshe, fundesheni nyingi zina titanium dioxide, ambayo ni unga mweupe. Ukizidi mno kwenye rangi ya ngozi iliyokolea, majivu hayo hapo. Ndiyo maana fundesheni hujaribiwa kwenye taya, ikishuka kidogo shingoni. Nikiona mtu anajipaka mgongoni mwa mkono mbele ya kioo cha duka, naumia, maana mkono hauolewi. Piga mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, msogeze mteja dirishani, mpige soga robo saa. Fundesheni ikishakutana na mafuta ya ngozi na hewa, nyingi hukolea, na ile uliyoipenda ikiwa mbichi inakuwa chungwa ukiitazama. Mstari ambao huoni ulipoanzia wala ulipoishia, ndio huo. Kama yote mitatu inaonekana, changanya kwenye kibao cha chuma: tone la buluu huituliza fundesheni iliyozidi uchungwa, na wekundu kidogo huirudishia uhai iliyopauka. Tone, lakini. Buluu haina masihara.

Halafu kuna flashi. Kioo kitakudanganya, chumba kitakudanganya, shangazi wa bibi harusi atakudanganya kwa mapenzi yake yote. Ile poda laini nyeupe ya silika, inayosifiwa kuwa haionekani, haionekani kweli hadi kamera iwake. Mwaka 2014 mwigizaji wa Hollywood Angelina Jolie alipigwa picha kwenye zulia jekundu akiwa na mabaka meupe ya poda usoni, na huyo hakosi wapambaji. Fundesheni zenye kinga ya jua ya zinki au titani zina tabia hiyo hiyo: nzuri kwa matembezi ya mchana, balaa kwa tafrija ya usiku. Simu yako ina flashi. Mpige mteja picha kwa karibu chumba kikiwa na giza, siku ya majaribio, sio siku ambayo magari yameshapiga honi nje.

Kuna jambo lingine linaloniuma, na hapa naacha utani. Wapo mabibi harusi wanaokaa kwenye kiti na kunong'ona, "nifanye mweupe kidogo." Najua mteja ndiye anayelipa. Najua pia ukimkatalia ataenda kwa jirani. Lakini hizo picha zitatundikwa ukutani, na mtoto wake atakuja kuuliza huyu ni nani. Mpake rangi yake mwenyewe kwa ustadi, umulike paji la uso, juu ya mashavu na mgongo wa pua kwa konsila, ile ya kufichia madoa, inayoizidi ngozi yake weupe kidogo tu, kisha umpe kioo. Mara nyingi ananyamaza. Asiponyamaza, basi, nimeshindwa, mpake anavyotaka, ila ushushe hadi kifuani.

Mengine ni ya haraka. Praima, ile inayotangulia kupakwa, ikiwa ya silikoni chini ya fundesheni ya maji mara nyingi hutengana na kuviringika kama uchafu wa kifutio, kwa hiyo soma viambato kabla ya kulaumu ngozi ya mtu. Gundi ya kope ijaribiwe siku mbili kabla, maana kuna wasiopatana na mpira wa asili uliomo kwenye baadhi yake, na jicho lililovimba halifichwi na wanja. Kijiti cha maskara kikishagusa kope za mtu hakirudi kwenye chupa. Feki ni feki hata ikiwa na boksi zuri. Na ndiyo, nakiri kwa shingo upande, vipo vitu vya bei ghali vinavyostahili bei yake: fundesheni inayohimili jasho na machozi kutwa nzima ni mojawapo. Brashi sio lazima iwe ghali.

Kwa hiyo wewe unayeolewa, liache swali la brandi. Mwambie mpambaji amwage fundesheni zake zote mezani, akuonyeshe ipi ni yako na ipi angeichanganya nayo. Akikujibu "usijali, tutaangalia siku hiyo hiyo," mshukuru, lipa nauli yako, tafuta mwingine.