Dupont Alivyofagiwa

Tovuti yetu ina kazi moja tu duniani, nayo ni kutofautisha masharubu ya watu wawili: Dupond na Dupont, wale wapelelezi wa katuni za Tintin wenye suti nyeusi, kofia duara na bakora. Waliowasoma kwa Kiingereza kule Nairobi au Dar es Salaam wanawajua kama Thompson na Thomson. Waliowasoma Bujumbura au Lubumbashi wanawajua kwa majina ya Kifaransa, na ndiyo tunayotumia sisi. Wamefanana kama shilingi kwa ya pili, ilhali si ndugu hata kwa mbali. Ni katika familia ya mchoraji wao, Hergé, ndipo kulikuwa na mapacha: baba yake, Alexis, na ami yake, Léon.

Tofauti ni hii. Dupond, mwenye D mwishoni, masharubu yake yamenyooka, chini yamekatwa kama kwa rula. Dupont, mwenye T, ncha zake zinachomoza nje kidogo, utadhani zinataka kuaga. Basi. Hakuna kovu wala kipara cha kukusaidia. Kwenye albamu iliyochapishwa, masharubu ya mtu aliyesimama umbali wa kati yana upana wa milimita 4 hivi, na ile ncha haifiki nusu milimita. Ukiskani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unapata nukta 47 za masharubu, na ncha inabaki na nukta tano au sita za kubishania. Kwa hiyo tunaskani kwa dpi 600, na tunahifadhi kwa PNG, aina ya faili inayobana picha bila kupoteza nukta. Usijaribu JPEG, aina inayobana kwa kupoteza. JPEG huchakata picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila penye mstari mweusi juu ya rangi nyeupe huacha uchafu kandokando, na uchafu huo una ukubwa uleule wa ncha ya Dupont. Tumewahi kuletewa picha ambayo Dupond alikuwa ameota ncha, kumbe ni JPEG.

Ukurasa wa albamu ni karibu sawa na A4. Kwa dpi 600 ni pikseli 4960 kwa 7016, yaani kama MB 104 kabla ya kubanwa. Albamu ya rangi ina kurasa 62. Piga hesabu mwenyewe uone diski inavyolia. Kurasa nzima hatuziweki hadharani, kwani Hergé alifariki 1983 na huko Ulaya kazi zake zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2053. Tunakata kichwa tu, pikseli 400 kwa 400, kukiwa na kofia juu, kola chini na masharubu katikati. Faili linaanza na jina la mtu, kisha namba ya albamu, ukurasa, mstari na fremu.

Siku diski ilipojaa, mwenzetu mmoja, ambaye tulimpa ufunguo wa kila kitu kwa sababu ndiye pekee asiyeogopa skrini nyeusi, akaweka programu ya kufagia picha zinazojirudia. Programu nzuri, inasifiwa, ina kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Akakibonyeza, akaenda kula.

Ili ucheke vizuri, lazima ujue programu hizo zinavyoona. Haziangalii picha kama wewe. Zinachukua picha, zinaifanya ya kijivu, kisha zinaisinya mpaka inabaki na visanduku 9 kwa upana na 8 kwa kimo. Halafu katika kila mstari zinauliza swali moja: hiki cha kushoto kinang'aa kuliko cha kulia? Ndiyo ni 1, hapana ni 0. Maswali 8 mara mistari 8, unapata tarakimu 64, na hizo ndizo sura yako. Picha mbili zikipishana tarakimu chache, tuseme chini ya 10, zinahesabiwa kuwa moja.

Sasa mpeleke Dupont huko. Kichwa chake cha pikseli 400 kikisinywa, kila kisanduku kinameza pikseli 44 kwa 50, yaani 2,200. Ncha ya masharubu ni pikseli kama 30. Hiyo ni asilimia moja na kidogo ya kisanduku, haigeuzi jibu la swali lolote. Kilichobaki ni kofia nyeusi juu, uso mweupe katikati, suti nyeusi chini. Programu ikatoa ripoti kwa heshima zote kwamba kuna mtu mmoja amepigwa picha mara nyingi mno.

Kanuni yake ya kufuta nayo ilikuwa rahisi: katika kila kundi libaki faili linalotangulia kwa alfabeti. D inatangulia T. Dupond akaponea hapo. Alipungua, ila hakwisha. Dupont akafagiwa.

Hapo angalau kengele ingelia kama picha zingepotea. Hazikupotea! Programu ya watu ni ya kistaarabu: kila faili lililofutwa iliacha kiungo chenye jina lilelile, kinachoelekeza kwenye faili lililobaki. Usiku ule usawazishaji ukapeleka kila kitu kwenye seva na kwenye diski ya pili, ukafuta huko kama ulivyoamriwa. (Anayeuita usawazishaji nakala ya akiba ajue kwamba huo hunakili msiba kwa uaminifu uleule.) Kikagua-viungo chetu kikapita kila ukurasa, kikajibiwa 200, namba ambayo seva hutoa faili likipatikana, mambo sawa. Ukifungua ukurasa wa Dupont, unamwona Dupond ametulia, masharubu yamenyooka, na chini yake maelezo yetu: "Tazama ncha zilivyochomoza."

Wasomaji wakatazama. Wakaziona.

Dupont halisi alibaki katika picha za aina mbili tu. Ya kwanza ni zile za vidonge vya N14, katika hadithi ya dhahabu nyeusi, wapelelezi wanapovimeza wakidhani ni aspirini, nywele na ndevu zikaota bila kukoma na kubadilika rangi. Ugonjwa huo unawarudia tena wakiwa safarini mwezini. Kichwa kinabadilika umbo kila fremu, kwa hiyo programu haikuweza kukifananisha na kingine. Tabu ni kwamba masharubu yenyewe yamezama ndani ya msitu, na picha hizo sisi wenyewe tunaziweka kwenye folda ya "haijulikani ni nani".

Aina ya pili ni zile anazoanguka. Mtu aliyepinduka, kofia chini na kola juu, hana tarakimu sawa na aliyesimama. Na hawa jamaa huanguka: ngazini, majini, juu ya kila kitu kinachoteleza. Ikawa ukimtafuta Dupont kwetu, unampata Dupond akiwa wima, unampata Dupond tena, halafu ghafla Dupont huyu hapa, kichwa chini. Dupond tena, wima. Dupont kwenye ngazi, anakuja kwa mgongo.

Ndipo ikaingia barua pepe ndefu. "Ndugu wahariri, hongereni kwa kazi." Msomaji alikuwa amehesabu picha zetu zote, akachora jedwali, akathibitisha bila shaka kwamba Dupont ndiye mzembe, Dupond ni mtu makini anayeponzwa na rafiki mbaya. Masharubu yaliyochomoza, aliandika, ni dalili ya tabia. Aliomba tuichapishe. Jedwali lilikuwa safi kabisa, na kila namba ilitoka kwetu.

Nakala iliyosalimika ilikuwa kwenye diski ya nje, kabatini. Haikufagiwa kwa sababu haikuwa imechomekwa, na haikuwa imechomekwa kwa sababu waya wake ni ule mpana wenye kichwa cha vidole viwili, kimoja kinene kimoja chembamba, ambao ukipotea hata jirani hana. Tuliupata nyuma ya printa ya watu.

Kurudisha nako kuna mtego. Ukiamuru "nakili yaliyokosekana tu", hakuna kitakachonakiliwa, maana majina yote yapo. Ni viungo vimekalia viti vya wenyewe. Kwanza andika orodha ya viungo vyote, kisha ingia kwenye folda ya vichwa uviondoe kwa `find . -type l -delete`, kisha ndipo unakili. Baada ya hapo linganisha SHA-256 ya kila faili, yaani alama ya vidole inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, na orodha ya zamani. Hiyo husoma faili baiti kwa baiti, haidanganywi na kofia. Kama lazima ufagie, fagia kwa SHA-256. Na kama unataka mashine ikupangie nani ni nani, usiipe kichwa kizima: kata ukanda kuanzia chini ya pua hadi juu ya mdomo, upanue, ugeuze uwe mweusi na mweupe tupu, uangalie theluthi ya chini ya kila upande. Fremu za nusu uso bado zitakushinda, huko ni jicho tu na lenzi.

Nafasi iliyookolewa na ufagio ule, tulipoipima, haikutosha kurasa tano za skani. Vichwa ni vyepesi. Kilichojaza diski ni zile kurasa kubwa, na kurasa hazifanani, kwa hiyo hakuna hata mmoja ulioguswa.

Dupont aliporudi, mamia ya picha akiwa wima, mkavu, kofia kichwani, tulimwandikia msomaji wetu kumweleza yaliyotokea na kumwomba ahesabu upya. Akajibu siku hiyohiyo. Anasema ameziona picha mpya, na anasikitika kwamba tumeamua kumsafisha Dupont.