Kizuri Marufuku, Kinachoruhusiwa Kina Bei

India haipigiki picha, jamani. Najua mtanibishia, maana kalenda za maduka ya vitambaa zimejaa Taj Mahal na kila mwenye simu siku hizi anajiita mpiga picha wa safari. Lakini kalenda haisimulii shida. Kitu chochote cha kuvutia kule kina kasoro moja kati ya tatu: kimekatazwa, kinataka hela kabla hujafungua kifuniko cha lenzi, au kinaua kamera. Vingine vina zote tatu na bado watu wanapanga foleni. Hata saa ya nchi nzima ina ukaidi, imeitangulia Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Mbili nakubali. Hiyo nusu ni ya nini?

Tulimalize haraka hilo kaburi la Agra, Taj Mahal lenyewe. Mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne. Watoto kumi na nne! Wanasema ni jengo la mapenzi. Mimi naona ni fidia. Mwenyeji anaingia kwa rupia 50, mgeni 1,100, na ukitaka kufika ndani ya kaburi lenyewe unaongeza 200, halafu mle ndani hupigi picha. Tripodi haipiti getini. Ijumaa pamefungwa. Siku nyingine mlango unafunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na hapo utaona watu wazima na heshima zao wakikimbizana kuwahi ncha ya bwawa, wote wapige picha ileile. Ukipona hapo, kuna foleni ya benchi alilokalia Princess Diana mwaka 1992. Ukienda Desemba au Januari ukungu unashuka, na 1,100 yako inakununulia weupe mtupu. Na ile minara minne usihangaike kuinyoosha kwenye kompyuta. Imejengwa makusudi ikiegemea nje kidogo, ili ikianguka ianguke mbali na kaburi. Lenzi pana ukiiinua juu nayo inainamisha minara kwa ndani, basi waashi wa ufalme wa Mughal na watengeneza lenzi wanajadiliana wao kwa wao, wewe lipa tu. Mwenye akili huvuka mto Yamuna jioni, akaenda bustani ya Mehtab Bagh, akalipiga jengo kwa nyuma kwa kiingilio cha chini kabisa. Droni, kwa wanaoiwaza, iache nyumbani. Tangu Februari 2022 wamepiga marufuku kuziingiza nchini, na forodha hawana mzaha.

Varanasi ndiko kamera inakofundishwa adabu. Ngazi za kushukia Ganges ni zaidi ya 80, zote ziko ukingo wa magharibi zikitazama mashariki, kwa hiyo jua likichomoza linawapiga waogaji usoni moja kwa moja. Taa umewekewa bure. Kinachobaki ni kuwa ndani ya mashua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na hapo ndipo bure inapokwisha. Bei patana nchi kavu, ya mashua nzima na ya saa nzima, siyo ya kichwa. Mkishaelea, bei nayo inaelea. Kati ya Julai na Septemba usijisumbue sana, mto unafura, ngazi zinazama, mashua zinazuiwa, na ibada ya jioni inahamishiwa juu ya mapaa.

Ibada yenyewe, pale Dashashwamedh, ni nzuri mpaka inakera. Makuhani wamesimama mstari, kila mmoja anazungusha taa ya shaba yenye ghorofa za moto, kengele zinalia, ubani unafuka. Kamera inachanganyikiwa. Inaona usiku, inaongeza mwanga, ndimi zote za moto zinageuka madoa meupe. Punguza mwanga stopu moja, yaani nusu, aiso (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 1600 hadi 3200, na shata, ile kasi ya kufunga picha, isishuke chini ya 1/125 ya sekunde maana mashua haitulii. Fokasi ya otomatiki itaukimbilia moshi badala ya kuhani. Ilengeshe kwenye ukingo wa shaba, kisha ifunge hapohapo. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8, ile ya bei ya maskini, inafanya kazi hii kuliko mzinga wa kilo mbili.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Manikarnika, wanakochomwa maiti usiku na mchana. Hapo kamera inaingia kwenye begi. Ule ni msiba wa mtu. Fikiria mgeni amesimama makaburini Kinondoni jeneza linateremshwa, yeye anabadilisha lenzi. Atakayekunong'oneza kwamba ghorofa ya jirani picha zinaruhusiwa ni mwongo, na akishakupandisha atakuletea hadithi ya wazee maskini wanaosubiri kufa bila hela ya kuni, akutajie na bei ya kilo. Kuni kweli zinapimwa kwa kilo, mizani ni mikubwa na inatamanisha. Hela yako tu ndiyo haifiki kwenye mizani.

Halafu Holi, sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi. Hapa ndipo kamera zinapozikwa kwa makundi. Sikukuu huangukia mwishoni mwa Februari au Machi, mwezi ukiwa mpevu, na wapiga picha wa dunia nzima hukimbilia Mathura, Vrindavan na Barsana. Barsana ni kijiji cha Radha, mpenzi wa mungu Krishna. Siku chache kabla ya Holi yenyewe, wanaume wa Nandgaon, kijiji cha Krishna, wanakuja kuwachokoza wanawake kwa nyimbo, na wanawake wanawatandika kwa fimbo ndefu, kweli kweli, mchana kweupe. Wanaume wamechuchumaa chini ya ngao, vilemba vimejazwa vitambaa, wanapigwa na wanacheka. Kesho yake mchezo unahamia Nandgaon. Kwetu jambo hili lingeishia baraza la kata na faini ya mbuzi.

Poda ya rangi mara nyingi ni wanga wa mahindi. Ikiwa kavu inaelea na kupenya kila mahali. Ikikutana na maji ya ndoo inakuwa uji, na uji huo unakaukia ndani ya vitufe. Adui namba moja ni lenzi ya zoom inayorefuka. Kila ukiirefusha inavuta hewa ndani, na hewa ya Vrindavan siku hiyo ni ya pinki. Chukua lenzi moja isiyorefuka, milimita 24 au 35, ivishe filta usiyoipenda. Mlango wa betri, mlango wa kadi na tundu la chaja, vyote vizibe kwa utepe wa gundi. Panga mipangilio mapema, f/8, shata 1/800, aiso ijitafutie yenyewe, kwa sababu mfuko wa nailoni ukishafungwa na rababendi mbili zilizokaza kwenye mdomo wa lenzi, vitufe unavipapasa tu. Betri iwe imejaa na kadi iwe kubwa, maana kufungua mfuko katikati ya umati ni kujiua. Mafuta ya nazi jipake nywele, masikio na kucha tangu usiku, la sivyo utarudi nyumbani na masikio ya kijani na hakuna ofisi itakayokuelewa. Na usijidanganye kwamba wanarusha ovyo. Watoto walioko juu ya mapaa wanalenga lenzi, na shabaha wanayo.

Ukimaliza, usitumie kitambaa chenye maji. Unyevu unaisukuma rangi ndani ya viungo. Acha kila kitu kikauke, puliza kwa pampu ya mkono, pitisha brashi laini, ndipo ufungue mfuko. Dada zangu mnaosafiri peke yenu, hili silisemi kwa mzaha: kwenye umati wa Holi kuna mikono isiyo na heshima. Tafuteni paa la nyumba yenye familia, picha za juu zinatoka nzuri zaidi hata hivyo.

Mahekalu nayo yana mambo yake. Viatu nje, hilo tunalijua. Lakini kamera nayo nje, na mara nyingi simu pia. Mtu mwenye vifaa vya mamilioni anavikabidhi kwa kijana mwenye meza moja, anapewa kikaratasi chenye namba, anaingia ndani kusali huku roho iko mezani. Meenakshi kule Madurai simu haipiti. Jagannath kule Puri asiye Mhindu haingii kabisa, aje na kamera au mikono mitupu.

Wanachokuruhusu upige ni panya. Hekalu la Karni Mata lipo Deshnoke, kilomita 30 hivi kutoka Bikaner, na panya wake wanakadiriwa kufika 25,000. Inaaminiwa hao ni ndugu wa ukoo wa Karni Mata mwenyewe waliorudi duniani kwa umbo hilo, kwa hiyo wanaheshimiwa, wanaletewa maziwa na vitamu, na muumini anakula kilichobaki. Panya akipita juu ya mguu wako ni baraka. Ukimwona mweupe, baraka kubwa zaidi. Ukimkanyaga akafa, unadaiwa panya wa fedha, na haogopwi polisi hapo, anaogopwa sonara. Mpiga picha analala chini, usawa wa sinia la maziwa, panya wakiwa wamejipanga duara midomo ndani na mikia nje. Nenda na soksi kuukuu uzitupe mlangoni ukitoka, maana sakafu ni maziwa, nafaka na kazi nyingine ya panya. Huhitaji lenzi ndefu. Wenyewe watakuja kuinusa.

Kwenye barabara ya Pali kwenda Jodhpur pikipiki aina ya Bullet imewekwa ndani ya kioo na inaabudiwa. Mwenyewe alipata ajali akafa, polisi wakaichukua pikipiki kituoni, na inasimuliwa kwamba asubuhi ikakutwa imerudi palepale kwenye ajali. Wakaifunga minyororo na kuitoa petroli yote, ikarudi tena. Madereva wanaopita wanapiga honi na kuacha pombe. Ujjain wamekwenda mbali zaidi: mungu Kal Bhairav anamiminiwa pombe kwenye kisahani mbele ya mdomo wa sanamu na inapungua waziwazi, kisha chupa yenye pombe iliyobaki inarudishwa kwa mwenyewe. Walevi wa kwetu wanaabudu mwaka mzima na hawajawahi kurudishiwa hata tone.

Lakini kuna hekalu moja ambalo naona tumechelewa kulijua. Chilkur Balaji, nje kidogo ya Hyderabad, ni la kuombea viza. Unazunguka mara 11 ukiomba, na viza ikitoka unarudi kuzunguka mara 108 kushukuru. Watu wanatembea kwa kasi na kikaratasi chenye namba wakikata mzunguko mmoja mmoja, na hakuna sanduku la sadaka. Bure! Ubalozi unakunyima na ada hairudi. Kule Tirumala nako waumini wananyoa nywele kutimiza nadhiri, hekalu linazipiga mnada, zinaingia kwenye soko la mawigi la dunia. Kwa hiyo dada uliyelipa laki kadhaa kwa nywele za binadamu, huenda kichwani umevaa dua ya mtu na hujui ilijibiwa au la.

Mnacheka. Mnajua ile ndimu moja na pilipili saba zinazoning'inizwa mlangoni kuzuia kijicho? Oktoba 2019 waziri wa ulinzi Rajnath Singh alikwenda Ufaransa kupokea ndege ya kwanza ya kivita aina ya Rafale, akaichora alama takatifu ya Om, akaweka nazi, na ndimu zikawekwa chini ya matairi. Ndege ya mabilioni, ndimu za chenji. Picha zilipigwa na hakuna aliyezuia. Mara moja tu kitu kizuri kikaruhusiwa, na wewe hukuwepo.

Usafiri ndio unaokumaliza. Tiketi za treni zinafunguliwa siku 60 kabla, zikiisha unasubiri zile za dharura, tatkal, siku moja kabla ya safari: saa nne asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi, saa tano kwa yasiyo nacho, na dakika chache tu zimekwisha. Ukipata RAC usishangilie, maana yake kitanda kimoja cha pembeni mnakalia wawili. Kitanda cha kati kinaruhusiwa kukunjuliwa saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya hapo kikunje, ukae wima na begi la kamera mapajani, huku bwana wa chini anataka kulala tangu saa mbili.

Njiani kila mtakatifu mwenye majivu mapya na rangi safi usoni ana bei yake, na chenji anayo. Pushkar watakushikisha ua ziwani, watakuombea ukoo mzima, kisha watataja kiasi. Lipa kidogo ufungwe uzi mwekundu mkononi, wengine wakiuona wanakuacha. Ng'ombe peke yake hadai chochote, ila ataingia katikati ya picha zote na hakuna wa kumsogeza.

Na baada ya kuzunguka ukidaiwa kila kona, familia ya watu kumi na wanne itakuona mbele ya ngome fulani. Watakutaka picha. Kwanza baba na wewe, halafu baba na watoto, halafu mtoto mchanga utawekewa mikononi analia, halafu shemeji aliyechelewa. Mgeni mweusi ndiyo hata foleni inapangwa, na wako wanaopiga bila kuomba. Jaribu na wewe kuwadai rupia mia kwa kila picha. Watacheka kwa furaha, watamwita na bibi aliyebaki kwenye gari.