Hoja ya kijiji hupanda, jibu lake halishuki

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwenye maandishi, ngazi ipo. Mkutano mkuu wa kijiji, chini ya Sheria Na. 7 ya 1982, ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Kinachokubaliwa pale, mwenyekiti wa kijiji hukipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako yeye ni mjumbe. Kamati huongozwa na diwani, na diwani huingia kwenye baraza la madiwani wilayani, anakokaa pia mbunge.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba hoja hubebwa na mtu aliyeisikia ikitolewa. Kata nayo inaona kisichoonekana kijijini. Mto ukipita vijiji vitatu, cha juu kikachepusha maji ya kumwagilia, cha chini hakiwezi kulimaliza jambo hilo katika mkutano wake peke yake. Kwa hiyo wanaotaka kila azimio la kijiji litekelezwe lilivyo wanawasahau majirani. Mchujo lazima uwepo.

Tatizo ninaloliona liko kwenye safari ya kurudi. Kwa utaratibu wa kupanga mipango kuanzia chini uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wanakijiji huibua vipaumbele vyao, tuseme zahanati. Vikifika halmashauri vinakutana na ukomo wa bajeti kutoka Hazina pamoja na maelekezo ya kitaifa, na mwaka huo fedha zinakwenda kwenye madarasa. Huenda uamuzi huo ni sahihi kabisa; watoto hawawezi kusomea chini ya mwembe. Ila wale waliokwishasomba mawe na kufyatua matofali ya zahanati wanabaki na boma lisiloezekwa, na wanachosikia ni kwamba suala lao linafanyiwa kazi. Mara ya pili ukiitishwa mkutano, akidi haitimii. Halafu tunawaita wazito wa kushiriki!

Ndiyo maana waziri akipita wilayani, mabango yenye kero za wananchi yanainuka. Wapo wanaoyasifu, na nawaelewa: kero ya maji iliyokaa miaka inapewa siku za utekelezaji papo hapo. Lakini agizo hilo linakiruka kijiji kingine kilichofuata vikao vyote na kupanga foleni yake kwa uaminifu. Kila bango linalofanikiwa linamfundisha mwananchi kwamba kikao cha kata ni kupoteza muda.

Juu ya wilaya kuna pengo jingine. Mkoa hauna baraza la kuchaguliwa. Una Kamati ya Ushauri chini ya Mkuu wa Mkoa, ambaye ni mteule wa Rais. Mkurugenzi wa halmashauri, katibu wa baraza la madiwani, naye ni mteule. Wanaotetea hali hii husema nchi moja yahitaji mkono mmoja unaogawa walimu na dawa ili wilaya maskini zisiachwe nyuma. Hoja hiyo ina uzito, na sioni haja ya kuunda baraza jipya la mkoa. Ninachokitaka ni kidogo zaidi na kinawezekana kwa watumishi tulio nao: kila kipaumbele kilichokatwa kirudi kijijini kwa maandishi, kikiwa na sababu na jina la kikao kilichokikata, kisomwe kwenye mkutano mkuu unaofuata kabla ya kuibua vipya.