Upinzani ukifungiwa mlango wa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, huhamia dukani

Chama kuwa na makundi, na nchi kuwa na vyama vinavyovutana, si ugonjwa. Hapa Zanzibar tumelelewa tukiogopa jambo hilo. Mwaka 1984 Rais wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, alilazimika kujiuzulu, na 1988 Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi, akafukuzwa CCM. Rai zao hazikufukuzika. Mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992, mvutano ule wa ndani ya chama ukatoka nje na CUF, chama cha upinzani cha Maalim Seif, na katika kura za urais za 1995 tofauti haikufika hata nusu ya asilimia moja: 50.2 za CCM kwa 49.8 za CUF.

Matokeo yale yalipokataliwa na CUF, Pemba watu walisusiana. Mwenye duka anakaa na mchele wake mpaka unaingia wadudu, na jirani anapita mlangoni pake kwenda kununua mbali. Gari inaondoka na viti vitupu, abiria wamesimama wanangoja ya mtu wa chama chao. Hata mazikoni watu wakawa hawendi. Mazikoni, jamani!

Ndiyo maana naiunga mkono kwa dhati Serikali ya Umoja wa Kitaifa, iliyokubaliwa kwa asilimia 66.4 katika kura ya maoni ya Julai 2010. Lakini cheo peke yake hakitoshi. Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili katika uchaguzi na kazi yake ni kumshauri Rais; anayeongoza shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi ni Makamu wa Pili, wa chama cha Rais. Mawaziri wa chama cha pili nao wakishaingia serikalini hawawezi kuisema hadharani. Basi nani aulize?

Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, uliosusiwa na CUF, majimbo yote 54 yalikwenda CCM. Nusu ya nchi ikawa haina wa kuisemea Chukwani, na kususiana kukarudi vijijini.

Mimi nataka mwakilishi wa chama cha pili awe huru kumbana waziri kwa dawa zisizofika kituo cha afya na skuli isiyo na madawati, hata kama waziri huyo ni wa chama chake. Na yule wa CCM anayekaa viti vya nyuma aulize suala hilohilo bila ya kuambiwa anakihujumu chama.