Dhuluma ina mwenyewe

Kwenye maziko ya Kiislamu huku pwani, kabla jeneza halijabebwa, ndugu mmoja husimama na kusema: kama marehemu anadaiwa, warithi ni hawa hapa, kama alimkosea mtu, tunamwombea radhi. Hapo ndipo ninapoielewa dhuluma kuliko kwenye kamusi yoyote.

Kamusi itakwambia ni uonevu, ni kunyima mtu haki yake. Sawa. Lakini dhambi nyingine waweza kuitubia peke yako, usiku, juu ya mswala. Dhuluma haitubiwi hivyo, kwa sababu ina mwenyewe. Ndiyo maana anayekwenda Hija huwapitia jamaa na majirani akiwaambia, "Nihalalishie." Hawaambii wasahau. Anamwomba mwenye haki aifute mwenyewe, na mwenye haki anaweza kukataa. Wakristo nao wanaye Zakayo, aliyeahidi kuwarudishia aliowanyang'anya mara nne.

Basi huniuma kumsikia mkosaji akisema "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo ni ya aliyekosewa. Akiitamka yeye ni ukarimu. Akiitamka aliyemkosea, anaongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alisema ukatili waliotendewa Wakenya wakipigania uhuru hauna udhuru, akaeleza majuto yake. Radhi hakuomba. Mwaka 2013 ilikuwa vivyo hivyo: serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, ikasema inasikitika. Kusikitika ni hali ya moyo wa msemaji. Hakumhitaji mtu wa pili. Mwenye kuomba radhi hunyoosha mkono na kusubiri jibu.

Siku moja baada ya hotuba ile ya Charles, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kusini mwa Tanzania, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea watu wa huko katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Namheshimu kwa hilo. Alikwenda kwa wenyewe, akatumia neno lenyewe.

Ila Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, familia yake inaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, nao walimwomba mgeni wao awasaidie kukipata. Aliahidi kitatafutwa. Ninaposoma watu wakiyaita haya "makosa ya kihistoria" nashindwa kuwaelewa. Wajukuu wapo, wana majina, wanakaa Songea, na wanachodai wamekitaja: wanataka kumzika babu yao mwili wake ukiwa kamili.