Kule Mirihi, aliyeshika vali ndiye aliyeshika mpini

Likiulizwa swali kama binadamu wanaweza kuishi kwa amani kwenye sayari nyingine, majibu mengi huishia kwenye tabia: tuchague watu wavumilivu, tuwapime akili, tuwafundishe kusikilizana. Si vibaya. Ila vyombo vya kabati moja havikosi kugongana, hata viwe vya thamani gani. Naona amani ya Mirihi itaamuliwa na mabomba kabla haijaamuliwa na nyoyo za watu. Nani anatengeneza hewa? Nani anaweza kuifunga? Na aliyefungiwa ana muda gani kabla hajapoteza fahamu?

Tuanze na visiwa viwili vya hapa hapa Duniani. Mwaka 1790 mabaharia 9 walioasi kwenye meli ya Kiingereza ya Bounty walifika Pitcairn, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, wakiwa na wanaume 6 wa Kipolinesia na wanawake kadhaa. Ardhi waligawana mafungu 9. Wale sita hawakupata kitu, na walipoanza kunyang'anywa hata wake, mwaka 1793 damu ikamwagika. Meli ya Kimarekani ilipofika mwaka 1808, kati ya wanaume 15 alibaki mmoja. Kisiwani Tristan da Cunha, kusini mwa Atlantiki, mambo yalikwenda tofauti. Novemba 1817, kikosi cha Waingereza kilipoondolewa, wachache waliobaki waliandika mkataba wa karatasi moja: akiba na vifaa vyote ni mali ya wote kwa usawa, na hakuna atakayejifanya mkubwa wa mwenzake. Kisiwa hicho kina watu hadi leo. Hawa wa pili hawakuwa malaika. Walikuwa watu wa kawaida kama wale wa kwanza. Tofauti ninayoiona mimi ni mgao, na kwamba uliandikwa mapema.

Sasa hesabu. Mtu mzima hutumia karibu kilo 0.84 za oksijeni kwa siku na kutoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa. Nje ya ukuta hakuna msaada: kanieneo ya hewa ya Mirihi, yaani msukumo wake, haifiki asilimia 1 ya ile ya Dunia, na asilimia 95 ya hewa hiyo ni hewa ukaa. Kifaa cha MOXIE kilichopelekwa na NASA kilithibitisha kwamba oksijeni inaweza kutolewa humo, lakini katika majaribio yake 16 yote kilitoa gramu 122 kwa jumla, pumzi za mtu mmoja kwa saa tatu na nusu hivi. Njia ya uhakika zaidi ni kuchimba barafu na kupasua maji kwa umeme. Jengo la watu 15 linahitaji kilo 12.6 za oksijeni kila siku. Kila kilo moja hula kilo 1.125 za maji. Hiyo ni lita 14 na ushei kwa siku, na umeme wa takriban kilowati-saa 80. Si mtambo mkubwa. Unaenea kwenye chumba kimoja, na hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu mtu mmoja mwenye spana na ufunguo wa chumba hicho anatosha kuwa serikali.

Wengi hudhani kwamba mtambo ukizimwa, oksijeni ndiyo itakayoua. Kinachotangulia ni hewa ukaa. Tuseme kila mtu ana mita za ujazo 100 za nafasi, kwa kanieneo kama ya usawa wa bahari, na vichujio vya kuondoa hewa ukaa vimesimama. Hewa ukaa itapanda kwa zaidi ya nusu asilimia kila siku. Siku ya nne imepita asilimia 2: vichwa vinauma, watu wanahema, maneno yanakuwa makali. Oksijeni wakati huo bado iko kwenye asilimia 18 na kitu. Mpe kila mtu mita 25 badala ya 100, na hali hiyo hiyo inafika ndani ya siku moja.

Ndiyo maana sikubali nafasi ihesabiwe kuwa anasa. Ujazo wa hewa ni muda wa mazungumzo. Mafundi wa pampu wakigoma katika jengo la mita 100 kwa kila mtu, kuna siku tatu za kukaa kitako, kupiga kura, kurudi nyuma. Katika jengo la mita 25, usiku mmoja tu, na usiku mmoja watu hawapatani, wanavunja mlango. Mhandisi anayepunguza ujazo ili mzigo wa roketi uwe mwepesi anapunguza pia siku za watu kupatana, na sijaona michoro mingi inayolihesabu hilo.

Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kuunganisha majengo kwa mabomba ili jirani amsaidie jirani. Sawa, lakini bomba hilo ni silaha pande zote mbili. Vali ikiwa mkononi mwa mtoaji, mpokeaji ni mtumwa wake. Ikiwa mkononi mwa mpokeaji, tundu kwenye ukuta wake linaweza kufyonza hewa ya majengo yote. Kwangu mimi bomba la namna hiyo liwe na mambo matatu: tundu jembamba linalopitisha hewa ya kutosha watu wa jengo moja tu na si zaidi, vali ya njia moja kwa kila upande, na kifungio kinachojifunga chenyewe kanieneo ikishuka kwa kasi, bila kusubiri amri ya mtu. Mkono wa mtu ubaki na kazi moja, kufungua tena baada ya ajali, na mikono hiyo iwe miwili kutoka majengo tofauti.

Vihisi navyo huleta fitina. Baada ya miezi kadhaa kihisi cha hewa ukaa huanza kusoma pembeni kidogo. Kimoja kikisema asilimia 0.6 na kingine 1.1, kila kundi litaamini kile kinacholipendeza. Viwekwe vitatu kila chumba, visitoke katika toleo moja la kiwandani, na namba zake zionekane ukutani na kila mtu, si kwenye meza ya kamanda peke yake. Uvumi kuhusu hewa ni mbaya kuliko hewa yenyewe.

Halafu milango. Juni 1997 chombo cha mizigo cha Progress kiligonga Mir, kituo cha anga cha Warusi, na kutoboa moduli ya Spektr, moja ya vyumba vyake. Mlango wake ulipaswa kufungwa mara moja, lakini nyaya zilikuwa zimepitishwa katikati yake, ikabidi zichomolewe na kukatwa kwanza. Uzembe wa aina hiyo unaanza kidogo kidogo: leo waya mmoja wa taa, kesho bomba la feni. Kwenye makazi ya watu 60 swali linakuwa zito zaidi, maana nyuma ya mlango huenda pana mtu. Kama uamuzi wa kufunga ni wa mkubwa fulani, kila atakayekufa nyuma ya mlango atakuwa ameuawa na mkubwa huyo, na ndugu zake watakula naye meza moja kwa miaka. Mashine ifunge, kwa kipimo kilichoandikwa na kukubaliwa kabla ya safari, kipimo kile kile hata kamanda akiwa ndani.

Kuhusu ugomvi wa kawaida wa watu sina wasiwasi mkubwa. Katika Biosphere 2 kule Arizona, jengo la majaribio lililozibwa lisipitishe hewa, watu 8 walifungiwa kuanzia Septemba 1991 kwa miaka miwili. Chakula kilipungua, oksijeni ikashuka hadi karibu asilimia 14 kwa sababu vijidudu vya udongo viliila, huku zege ikinyonya hewa ukaa iliyotokana nayo na kuficha chanzo. Walikatika makundi mawili ya wanne wanne ambayo yalikuwa hayaongei ila kwa shida. Na bado kazi iliendelea, wala hakuna aliyehujumu mtambo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anavuta hewa ile ile. Oksijeni ikaongezwa kutoka nje, wakamaliza miaka yao. Urafiki ulikufa, amani ikabaki.

Hatari kubwa zaidi hutoka mbali. Jaribio la Mars-500 mjini Moscow, safari ya kuigiza ya Mirihi ya watu 6 waliofungiwa kwa siku 520 kati ya 2010 na 2011, lilionyesha kwamba wafungwa hao wa hiari waligongana na waongozaji wa nje mara nyingi zaidi kuliko walivyogongana wao kwa wao. Kadhalika Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwishoni mwa 1973: kile kinachosimuliwa kama mgomo wa wanaanga kimetiwa chumvi, ukweli ni kwamba ratiba iliyopangwa ardhini ilikuwa imebana mno, wakazungumza wazi, ikalegezwa, kazi ikaenda vizuri. Wao waliweza kuzungumza papo kwa papo. Ujumbe wa kwenda Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22 kwa upande mmoja, na kila miezi 26 Jua hukaa katikati kiasi kwamba kwa wiki mbili hivi amri hazitumwi. Kwa hiyo ratiba ya siku, mgao wa chakula na nidhamu vitoke Mirihi. Dunia ishauri.

Sheria zilizopo hazikuandikwa kwa ajili ya hali hii. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza dola yoyote kujitwalia sayari, lakini dola iliyosajili chombo inabaki na mamlaka juu yake na watu waliomo. Majengo mawili ya nchi mbili yakiunganishwa kwa ujia, sheria inabadilika mlangoni. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, makubaliano ya 1998 yanaiachia kila nchi kumshtaki raia wake, na hilo linawezekana kwa sababu mtuhumiwa anaweza kurudishwa ardhini kwa saa chache. Njia ya kurudi kutoka Mirihi hufunguka kila miezi 26, na safari yenyewe ni miezi 6 hadi 9. Aliyempiga mwenzake utamweka wapi? Gereza linataka walinzi, na watu 15 hawana mlinzi wa ziada. Kumfukuza ni kumuua. Naona adhabu inayowezekana ni kumnyang'anya funguo: asiguse mitambo, afanye kazi nyingine, ahamishiwe jengo jingine. Hilo nalo halitawezekana kama yeye ndiye pekee anayejua pampu. Kila ujuzi wa uhai uwe na watu watatu wasiolala jengo moja.

Wapo watakaopelekwa na makampuni, na hapo sina simile: hewa, maji na joto visiwe mshahara wala deni. Mkataba wa kazi ukivunjika, mtu apoteze cheo, malipo, hata nafasi ya kurudi mapema. Pumzi haimo.

Wanaobaki ni watoto. Hakuna binadamu aliyewahi kukua kwenye uvutano wa asilimia 38, na huenda miili yao isiuweze ule wa Dunia. Hao hawakutia saini popote. Mkataba wa waanzilishi ufunguliwe upya kila dirisha la safari, na mtoto wa kwanza akitimiza miaka 16 awe ameshafundishwa kuendesha kila vali ya jengo lake, na ufunguo apewe.