Punguzo la Muda Lisilo na Mwisho

Ukitaka kujua uchumi wa dunia unaendaje, usimuulize mfasiri wa kujitegemea. Atakueleza hali ya barua pepe zake. Wiki akiwa na kazi hadi usiku wa manane, atakuambia mdororo ni maneno ya magazeti tu. Simu ikinyamaza wiki mbili, atakuambia taaluma imekufa na sasa kila mtu atafute shughuli nyingine. Nimewahi kuwasikia wenzangu wawili wanaofasiri lugha zilezile wakibishana kuhusu mwezi mmoja: kwa mmoja ulikuwa wa neema, kwa mwingine ukame mtupu. Wote walikuwa wakisema kweli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na katika kazi hii shibe na njaa hupokezana zamu hata uchumi ukiwa mzuri.

Ndiyo maana mjadala wa kama kazi zipo au hazipo umeanza kunichosha. Kazi zipo. Zilikuwepo hata mwaka 2009, baada ya benki ya Marekani ya Lehman Brothers kuanguka Septemba 2008 na serikali kuanza kuyaokoa mabenki kwa fedha za walipa kodi. Yanayostahili kuulizwa ni haya: ni kazi ipi inayobaki, inabaki kwa masharti gani, na masharti hayo yataondolewa lini hali ikitengemaa. Kwa hili la mwisho jibu langu halipendezi. Hayaondolewi.

Nianze na kazi inayobaki. Yapo maandishi ambayo mteja huyafasiri kwa kupenda, na yapo ambayo huyafasiri kwa sababu hana njia. Vipeperushi vya matangazo, jarida la ndani la kampuni, tovuti kwa lugha ya nne, maelezo ya bidhaa kwa soko ambalo bado linapapaswa: haya ni ya kupenda, na meneja wa fedha akishika kalamu nyekundu huanzia hapo. Ya lazima yana kinga. Katika Umoja wa Ulaya wenye lugha rasmi 24, kwa kawaida dawa haiingii sokoni bila karatasi ya maelezo ya mgonjwa katika lugha ya nchi husika, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2001. Mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama hupewa mkalimani, uchumi ukue au usinyae. Mtambo ukiuzwa nje ya nchi, mwongozo wa usalama huenda nao.

Tena mdororo wenyewe huzaa makaratasi. Kampuni zikifilisika, wadai hufikishana mahakamani, mikataba iliyolala kabatini miaka na miaka hufukuliwa, na barua za kupunguza wafanyakazi hutakiwa zieleweke na wanaopunguzwa. Si jambo la kujivunia kula kwenye msiba wa mtu, lakini wafasiri wa sheria ninaowafahamu hawakuwahi kuwa na shughuli nyingi kama nyakati ambazo wengine walikuwa wakilia.

Hapo ndipo hutoka ule ushauri unaorudiwa kila uchumi unapoyumba: hamia kwenye sheria, hamia kwenye dawa. Ni ushauri rahisi mdomoni. Mtu aliyefasiri utalii kwa miaka kumi haamki asubuhi akaanza kufasiri itifaki ya majaribio ya dawa. Kosa la kipimo hapo si sawa na kosa la jina la hoteli. Na wote tukikimbilia mlango mmoja, mawakala, yaani kampuni zinazopokea kazi kwa wateja na kutugawia sisi, wanatuona kutoka ndani tukisukumana. Anayetaka kuhama ahame wakati ana kazi, si wakati anaitafuta.

Sasa masharti. Wafasiri wengi waliokuwa kazini wakati wa msukosuko ule wa 2008 wanaijua barua ninayotaka kuizungumzia. Huanza kwa "Wapendwa washirika". Aya ya kwanza inasifu uhusiano wa muda mrefu. Ya pili inataja hali ngumu ya soko na shinikizo la wateja. Ya tatu inatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao ankara zote zitakatwa asilimia fulani, kwa muda, ili sote tuvuke pamoja. Nimepokea barua za namna hiyo kutoka kwa wakala zaidi ya mmoja. Sijapokea hata moja inayosema: hali imekuwa nzuri, tunawarudishia.

Asilimia yenyewe huonekana ndogo, na hapo ndipo watu hupotea, kwa sababu haikatwi kwenye kitu kizima. Chukua faili la maneno 5,000, linalolipwa kwa neno. Wakala analipitisha kwenye programu ya kumbukumbu ya tafsiri, ambayo hulinganisha kila sentensi na zilizokwisha kufasiriwa zamani. Tuseme maneno 2,000 yanaonekana kuwa ni marudio, yanalipwa robo, yanabaki 500. Mengine 1,200 yanafanana kwa kiasi na ya zamani, yanalipwa asilimia 60, yanakuwa 720. Mapya ni 1,800. Faili la maneno 5,000 limegeuka la 3,020 kabla hujagusa kibodi, ingawa yote 5,000 utayasoma na kwa yote utawajibika. Ndipo inakuja "asilimia kumi tu" ya mshikamano, unabaki na 2,718. Kisha malipo yaliyokuwa ya siku 30 yanasogezwa hadi 60. Hilo la siku haliitwi punguzo, lakini maana yake ni kwamba mfasiri, asiye na benki inayomkopesha kwa masharti ya kampuni, ndiye anayemkopesha wakala mwezi mzima bila riba.

Juu ya hayo kuna sarafu, ambayo wengi huisahau kwa kuwa hakuna anayeiandikia barua. Katikati ya mwaka 2008 pauni ya Uingereza ilikuwa karibu na dola 2. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 1.40. Mfasiri aliyelipwa kwa pauni na kutumia kwa dola alipoteza takriban asilimia 30 ya kipato bila kiwango chake cha malipo kubadilika. Mwingine aliyelipwa kwa dola akiishi kwenye sarafu iliyoporomoka alijiona tajiri ghafla. Nadhani nusu ya ubishi wetu kuhusu kama soko limekufa ni watu wawili wanaosimulia viwango vya kubadilisha fedha bila kujua.

Kila ninapoandika haya kuna atakayesema: basi tuungane, tukubaliane kiwango cha chini. Ningependa. Lakini mbele ya sheria za ushindani, mfasiri wa kujitegemea ni mfanyabiashara, na wafanyabiashara wakikaa kupanga bei pamoja wana kesi ya kujibu. Marekani jambo hili lilishafika mwisho: mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliamua dhidi ya AIIC, chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, kwa kuwapangia wanachama wake viwango vya malipo. Kwa hiyo wakala anaweza kuwaandikia wafasiri wote siku moja barua moja yenye kiwango kimoja, lakini wafasiri hao wakiandika pamoja kumjibu wanajiingiza kwenye hatari. Mtu anaweza kuiona kuwa haki, mimi siioni.

Mwaka 2020 ulituonyesha jambo hilohilo kwa kasi zaidi. Mikutano ilisimama ndani ya wiki chache, na wakalimani wa ukumbini, waliokuwa wakituonea huruma sisi wa kukaa na kamusi, wakabaki bila kazi. Wafasiri wa afya wakawa hawalali. Baadaye ukalimani ulirudi kupitia skrini, na ukumbi ulipofunguliwa sehemu ya mikutano ilibaki hukohuko mtandaoni, kwa kuwa waandaaji walishaonja kutolipa tiketi na hoteli. Kilichoingia kama dharura kikawa utaratibu.

Na mashine ya kufasiri? Siwezi kuiacha, ingawa naona inapewa lawama isiyo yake na sifa isiyo yake. Google Translate ilianza mwaka 2006, miaka miwili kabla ya msukosuko, na wakati ule tulikuwa tukiichekea. Mwishoni mwa 2016 ilipohamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu inayojifunza yenyewe kutokana na mifano mingi, kicheko kilipungua. Mwaka 2017 kuhariri tafsiri ya mashine kukapata kiwango chake cha kimataifa, ISO 18587, na Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Uchumi ukiwa mzuri, mteja huogopa kujaribu kitu kipya kwenye maandishi yenye jina lake. Akibanwa, woga huo unakuwa anasa. Anajaribu mashine "kwa kipindi hiki", anamkabidhi mfasiri matokeo ayasafishe kwa sehemu tu ya malipo ya zamani, na kama hakuna aliyelalamika ndani ya miezi sita, basi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kazi zimepungua kwa sababu ya uchumi au kwa sababu ya mashine, namwambia uchumi ndio uliomfungulia mashine mlango. Anayesubiri riba zishuke ili wateja wa matangazo wamrudie atasubiri sana.

Sisemi kila anayekubali punguzo ni mjinga. Mwenye kodi ya kulipa na mteja mmoja hana nafasi ya kufanya ukaidi, na wanaomdharau kwenye mijadala aghalabu ni wale wenye mume au mke mwenye mshahara. Ninachokataa ni kulikubali kimyakimya. Barua ikija mimi hujibu kwa kuuliza mawili: punguzo linaisha tarehe gani, na badala yake napata nini, iwe malipo ya haraka au kiasi cha kazi kilichoandikwa. Wapo wanaotaja tarehe. Wengi hawajibu kabisa, na hapo najua neno "muda" liliwekwa kwa ajili ya adabu.

Na nikikubali, ankara yangu siiandiki kwa kiwango kipya. Naandika kiwango changu cha kawaida, maneno yote, jumla kamili. Chini yake mstari wa pekee: punguzo la muda, pamoja na tarehe lilipoanza. Wakala mmoja aliniomba niuondoe mstari huo kwa sababu unaisumbua programu yao ya uhasibu. Nimeuacha.